Mawe Yaliyozaliwa na Tope

Mfinyanzi mwema hachukui udongo wa mahali popote. Huenda mpaka ukingo wa mto au bonde analolijua, hutwaa donge, hulilowesha kidogo, kisha hulifikicha kati ya kidole gumba na kidole cha shahada. Akisikia chenga zinakwaruza, hulitupa. Akiona lateleza kama mafuta, hulivingirisha mkononi mpaka liwe kama uzi. Uzi ukikatika mara, udongo haufai. Ukipindika pasipo kukatika, hujaza kikapu chake na kurudi nyumbani. Hakutumia mizani wala rula, walakini amekwisha kujua jambo kubwa, ya kuwa madonge mawili yaliyofanana kwa rangi yaweza kuwa vitu viwili mbalimbali, na moja lafinyangika, lingine halifinyangiki kabisa.

Mambo ya mawe ni kama hayo. Mwanafunzi akipewa kipande cha itale na kipande cha jiwe la mchanga, atavitenga upesi, maana macho yake yaona chembe: hizi zameta, zile ni punje za mchanga zilizoshikamana. Lakini mwekee mezani mawe matatu ya kijivu, yote laini, yote bila chembe inayoonekana, kisha umwulize majina yake. Atayageuza huku na huku, na mwisho atasema, "Yote ni mamoja." Kumbe si mamoja. Moja lilikuwa unga wa mchanga, na laweza kukaa mvuani miaka mingi. La pili lilikuwa udongo wa mfinyanzi mtupu, nalo likilowa hurudi kuwa tope. La tatu hupasuka kurasa kurasa kama kitabu. Mjenzi asiyejua kuyatenga atapata hasara, na mara nyingine hasara hiyo si ya fedha tu.

Tena mawe ya namna hii si haba. Katika mawe yote yaliyofanyika kwa mashapo, yaani kwa vitu vilivyochukuliwa na maji au upepo vikatua chini, zaidi ya nusu ni mawe ya tope. Hatuyaoni sana kwa sababu ni dhaifu. Mvua huyala, majani huota juu yake, na vilima vinavyobaki vimesimama aghalabu ni vya mawe mengine yaliyo magumu kuliko haya.

Ili kuyaelewa, yafaa kuanza na tope lenyewe kabla halijawa jiwe. Twaa chupa ya kioo, uitie maji, utie na konzi moja ya udongo wa mtoni. Itikise kwa nguvu, kisha iweke juu ya meza na kuitazama. Kabla hujahesabu mpaka sitini, mchanga umekwisha kushuka chini. Baada ya saa kadhaa utaona juu ya mchanga tabaka lingine, laini zaidi, ambalo chembe zake huwezi kuzihesabu kwa macho. Huo ni mchanga uliosagika mpaka ukawa kama unga, na hapa utaitwa unga wa mchanga. Hata hivyo maji ya juu yangali machafu. Kesho yake utayakuta bado yana ukungu, na pengine kesho kutwa pia. Kinachoelea humo ni udongo wa mfinyanzi, ambao vipande vyake ni vidogo mno, tena ni bapa kama magamba ya samaki, wala si viduara kama punje.

Wataalamu wa miamba walitaka mipaka iliyo dhahiri, ili mtu wa nchi moja akisema "unga wa mchanga," mtu wa nchi nyingine afahamu neno lile lile. Johan August Udden, mzaliwa wa Sweden aliyefundisha Marekani, alitoa vipimo mwaka 1898. Na mwaka 1922 Mmarekani Chester Wentworth alivitengeneza upya, navyo vyatumika mpaka leo. Kwa vipimo hivyo, chembe yenye upana uliozidi sehemu moja ya kumi na sita ya milimita ni mchanga. Iliyo chini ya hapo mpaka sehemu moja ya 256 ya milimita ni unga wa mchanga. Iliyo ndogo kuliko hiyo ni udongo wa mfinyanzi. Tazama rula yako, utazame nafasi kati ya mistari miwili iliyo karibu kabisa. Katika nafasi hiyo zaweza kupangwa chembe 16 za unga wa mchanga zilizo kubwa kuliko zote, au chembe 256 za udongo wa mfinyanzi, nazo pia ni zile kubwa.

Zamani ilidhaniwa kwamba vitu vidogo hivyo haviwezi kutua ila mahali maji yalipotulia tuli, kama katikati ya ziwa au kilindini mwa bahari. Kwa hiyo kila palipoonekana jiwe la tope, watu walisema, "Hapa palikuwa na maji matulivu." Mwaka 2007 Juergen Schieber na wenzake huko Marekani walionyesha kwamba sivyo sikuzote. Walizungusha maji ya matope katika mfereji wa kujaribia, wakaona vipande vya udongo wa mfinyanzi vyashikamana na kuwa vibonge vidogo, navyo vibonge vikatambaa chini na kutua hali maji yangali yanakwenda. Jambo la kushikamana lenyewe lilijulikana tangu zamani. Huonekana palipo mdomo wa mto, kama Rufiji unapoingia baharini penye mikoko: maji matamu ya mto yakikutana na chumvi, udongo uliokuwa ukielea huganda kama maziwa na kuanguka. Kwa ajili ya habari hii ya mwaka 2007, majiwe mengi ambayo hadithi yake ilidhaniwa kuwa imekwisha kusomwa yamebidi kusomwa tena.

Sasa tope limetua. Tope jipya ni maji kuliko udongo. Zaidi ya nusu ya ujazo wake ni maji. Mwaka baada ya mwaka tabaka jingine hulala juu yake, na uzito hulikamua kama mtu akamuavyo tui katika kifumbu. Maji hutoka, vipande hukaribiana, na vile vilivyo bapa hulala chali vyote upande mmoja. Joto la chini ya ardhi nalo lafanya kazi yake, pamoja na chokaa na kutu ya chuma zinazogandisha chembe. Baada ya maelfu na maelfu ya miaka kile kilichoteleza kati ya vidole kimekuwa jiwe.

Jina la jiwe hilo latoka hasa katika ukubwa wa chembe zake. Lakini chembe hazionekani, basi zitapimwaje? Katika nyumba za uchunguzi ziko hadubini na vyombo vingine, lakini mtaalamu aliye porini hana vyombo hivyo, naye hutumia meno. Huvunja kipande kipya kutoka ndani ya jiwe, palipo safi, akakwaruza kidogo kwa ncha ya meno ya mbele. Ulimi na vidole haviwezi kuhisi chembe za unga wa mchanga vizuri, bali meno huzitambua mara moja, maana hukwaruza kama ugali ulioingia mchanga. Jiwe la udongo wa mfinyanzi halikwaruzi hata kidogo; ni laini kama siagi. Mwalimu akiwakuta wanafunzi wake wanatafuna mawe asistaajabu sana, ila ahakikishe ya kwamba wametumia kipande safi, na kwamba hawamezi.

Desturi inayofuatwa na wengi ni hii. Ikiwa theluthi mbili au zaidi za chembe ni unga wa mchanga, huitwa jiwe la unga wa mchanga. Ikiwa unga wa mchanga haufiki hata theluthi moja, na zilizobaki zote ni udongo wa mfinyanzi, huitwa jiwe la udongo. Lililo kati ya hayo mawili, lenye mchanganyiko, ndilo jiwe la tope hasa. Meno, bila shaka, hayajui kuhesabu theluthi. Yajua tu "lakwaruza sana," "lakwaruza kidogo," na "halikwaruzi". Na kwa kazi ya porini hayo yatosha.

Baada ya kujua chembe, yapasa kutazama namna jiwe linavyopasuka. Ligonge kwa nyundo. Baadhi ya mawe ya tope huvunjika mabonge mabonge, pasipo mpango. Mengine hupasuka kwa tabaka nyembamba zilizolala sambamba, hata waweza kuzibandua kwa kisu moja moja. Haya ndiyo mawe ya kurasa. Sababu yake ni vile vipande bapa vilivyolala chali. Jiwe hupasuka kwa urahisi kati ya kipande na kipande, kama kuni inavyopasuka kufuata nyuzi zake. Kwa nini basi jiwe jingine la tope ile ile lisiwe na kurasa? Mara nyingi ni kazi ya wadudu na minyoo. Tope lilipokuwa bado bichi, minyoo ililichimba na kulipitia huku na huku, ikavuruga mpango wote, kama kuku waliovamia shamba lililopandwa kwa mistari. Kwa hiyo kurasa zisizovurugwa ni ushuhuda: aghalabu zatuambia kwamba chini ya maji yale palikuwa hapana hewa ya kutosha, wala minyoo haikuweza kuishi.

Upande wa bara wa kisiwa cha Mombasa, penye Miritini na Changamwe, yako mawe ya kurasa ya namna hii. Yalikuwa tope la bahari zamani sana, kabla ya pwani kuwa kama tuionavyo leo, na ndani yake yameonekana makombe ya wanyama wa baharini yaliyojikunja kama pembe ya kondoo, ambao jamii yao yote imekwisha kutoweka duniani.

Hapa ni lazima kutaja kosa linalofanywa na wengi. Huita jiwe la kurasa kwa jina la lile jiwe gumu jeusi walilotengenezea vibao vya kuandikia watoto wa shule wa zamani, na vigae vya mapaa ya nyumba huko Wales. Ni ndugu, walakini si mmoja. Jiwe la vibao lilikuwa jiwe la tope kwanza, kisha likabanwa na kupata joto pale milima ilipojikunja, hata likageuka asili yake, wala halihesabiwi tena katika mawe ya mashapo. Kurasa zake hazikutokana na jinsi tope lilivyotua, bali na upande uliobanwa. Ligonge kwa ukucha wa chuma nalo litalia kama kigae kizima. Jiwe la kurasa hutoa sauti ya kufa, kama chungu chenye ufa.

Rangi nayo husema neno, ingawa rangi haistahili kuaminiwa peke yake. Wekundu ni kutu ya chuma, na mara nyingi huonyesha kwamba tope lilikaa mahali penye hewa, kama kwenye mabonde ya mito yaliyokuwa yakikauka na kulowa. Weusi aghalabu ni mabaki ya mimea na viumbe vidogo yaliyozikwa kabla ya kuoza. Katika bonde la Ruhuhu, kusini-magharibi mwa Tanzania, mawe ya tope yamelala pamoja na matabaka ya makaa ya mawe. Na mahali pengine duniani mawe meusi ya kurasa ndiyo yaliyozaa mafuta ya petroli. Na kama jiwe ni jeupe-jeupe au kijivu hafifu, lijaribu kwa asidi kidogo, au ulikwaruze uwe unga kisha uudondoshee siki kali. Likitoka povu, jua kwamba limechanganyika na chokaa.

Jaribio la mwisho ni la maji, nalo ndilo linalomhusu mjenzi kuliko yote. Kausha vipande vya mawe juani siku mbili tatu, kisha kila kimoja ukiweke katika kikombe chake cha maji. Jiwe la unga wa mchanga lililogandishwa vizuri litakaa kama ulivyoliweka. Jiwe la udongo huenda likaanza kutoa vipovu papo hapo, kisha likapasuka pembeni, kisha likaanguka lote na kuwa lundo la uji chini ya kikombe. Maji yameingia katika nafasi zake na kuisukuma hewa iliyokuwamo, na vipande vya udongo vimekunywa maji na kuvimba. Aina moja ya udongo wa mfinyanzi huvimba kuliko nyingine zote. Ndiyo iliyo nyingi katika udongo mweusi wa mbugani, ule unaopasuka nyufa wakati wa kiangazi hata mguu wa ng'ombe waweza kuzama, na wakati wa masika hujifunga tena na kunata. Mtu aliyejenga nyumba juu yake hujua habari zake kwa kutazama kuta.

Lakini udongo huo huo unaokunywa maji hauyapitishi upande wa pili. Mchanga ni kama chujio. Udongo wa mfinyanzi ni kama kifuniko. Katika nchi ya Kilwa na Lindi yako mawe ya udongo yaliyotua chini ya bahari mamilioni ya miaka iliyopita. Ndani yake zimo gamba za viumbe vya baharini vidogo kama punje za mchanga. Kwingi duniani gamba kama hizo zimeharibika, kwa maana maji ya ardhini yalizipitia na kuzigeuza chokaa yake. Hapa zimebaki safi, zaangaza kama kioo, kwa kuwa udongo ulizifunga na maji hayakupita. Mwaka 2001 Paul Pearson wa Uingereza na wenzake walitoa habari za kuzipima gamba hizo. Vipimo vya kwingine vilikuwa vimewafanya watu wafikiri kwamba bahari za nchi za joto hazikuwa na joto kubwa wakati ule. Gamba za Tanzania zilionyesha kwamba zilikuwa na joto jingi.

Tabia hiyo hiyo ya kuzuia maji, iliyohifadhi gamba za Kilwa, ilileta msiba mkuu huko Italia. Katika bonde la Vajont, kaskazini mwa nchi ile, ulijengwa ukuta wa bwawa wenye kimo cha karibu mita 262, mmoja wa mirefu kuliko yote duniani kwa wakati wake. Kando ya bwawa ulisimama mlima uitwao Toc. Mlima huo ni wa jiwe la chokaa, jiwe gumu, na kwa macho ya mtu apitaye waonekana imara. Maji yalianza kujazwa mwaka 1960, na ubavu wa mlima ukaanza kusogea, polepole, kidogo kidogo. Usiku wa tarehe 9 Oktoba 1963 ubavu wote uliachia. Zaidi ya mita milioni 250 za ujazo za miamba ziliteremka ndani ya bwawa kwa muda usiotimia dakika moja. Maji yaliruka juu ya ukuta, yakaanguka bondeni juu ya mji wa Longarone na vijiji vya jirani. Walikufa karibu watu 2,000.

Baada ya msiba wataalamu wengi walikwenda kuukagua mlima. Waliona chokaa, na baadhi yao waliandika kwamba hamna udongo wa mfinyanzi katikati yake. Miaka mingi watu walibishana: jiwe gumu namna ile liliwezaje kuteleza kwa kasi hiyo? Mwaka 1985 Hendron na Patton, wataalamu wawili, walitoa taarifa baada ya kwenda kuchunguza upya. Walikuta kati ya matabaka ya chokaa tabaka nyembamba za udongo wa mfinyanzi, tena wa aina ile inayovimba. Udongo huo uliwazibia maji njia, yakakusanyika chini kwa msukumo na kuuinua uzito wa mwamba; na udongo wenyewe, ulipolowa, ukawa utelezi.

Ukuta wa bwawa haukuvunjika. Ungali umesimama hata leo, na nyuma yake, mahali palipokuwa na maji, pamejaa mwamba ulioporomoka, na miti imeota juu yake. Ukitazama ubavu wa mlima Toc waona uwanda mkubwa wa jiwe jeupe ulioinama, mwororo, hapo ulipotelezea. Na zile tabaka za udongo zilizouachia mlima zilikuwa nyembamba tu.